Mihogo: tunahesabu tani za msimu mmoja, ugonjwa unahesabu za miaka minne

Mvua ndo zinaanza huku Kasulu na kila njia unayopita unakutana na mtu kafunga mzigo wa miti ya mihogo kwenye baiskeli, na ukimsimamisha swali la kwanza ni lile lile, hii inatoa tani ngapi kwa eka? Juzi sokoni tulibishana karibu nusu siku. Kuna mzee alikuwa na mbegu yake inayozaa sana, mizizi minene kama paja, na kuna kijana kaja na mbegu iliyoboreshwa inayohimili batobato na michirizi ya kahawia, yale magonjwa mawili ya virusi vya muhogo, mizizi yake ni ya kawaida tu. Karibu wote wakaenda kwa mzee. Wakasema hizo za kuhimili ugonjwa ni mbegu za kwenye maonyesho, hazijazi gunia. Mi sikubaliani nao, ila sio kwamba hawana hoja, wanazo.

Hoja yao kubwa ni udaga, yaani mihogo iliyolowekwa na kuanikwa ya kusaga unga wa ugali. Mama anayeloweka mihogo kila wiki anajua upi una unga na upi ni maji matupu, na baadhi ya mbegu zilizoletwa miaka ya nyuma kweli zilikuwa na maji, unaloweka debe unaanika unabaki na kidogo, ugali hauvutiki. Halafu mbegu yenyewe inabidi uinunue na kuisafirisha, miti ni mizito na ikikaa juani siku kadhaa inakauka, wakati ya jirani unapewa bure na asante juu. Mtu mwenye eka moja na watoto sita siwezi kumlaumu.

Lakini hesabu yenyewe ya tani ndo inanisumbua. Muhogo sio mahindi, sio hata kabichi ambayo kila msimu unanunua pakiti mpya ya mbegu. Mbegu ya muhogo ni mti wa muhogo wenyewe. Virusi vikishaingia kwenye mti vinakaa humo, ukikata pingili kumi umeshapanda ugonjwa mara kumi, na mwakani unakata tena kwenye hizo hizo. Inzi weupe wanaeneza karibu karibu, shamba kwa shamba, ila anayeusafirisha ugonjwa kutoka Kibondo mpaka Uvinza ni sisi wenyewe na baiskeli zetu.

Sasa piga mfano, namba ni zangu za kuelezea tu. Mbegu ya mzee inatoa tani 8 mwaka wa kwanza, ugonjwa ukishaingia inatoa 6, halafu 4, halafu 2, jumla tani 20 kwa miaka minne. Ya kijana inatoa 6 tu lakini inatoa 6 kila mwaka, hiyo ni 24. Na hapo bado sijagusa kitu kibaya zaidi, yaani kwamba zile tani zinapimwa zikiwa mbichi kwenye mzani, na mzani haujui kilichoko ndani. Batobato angalau unaiona, majani machanga yanajikunja na kuwa na mabaka, unajua mapema kwamba shamba limekwisha. Michirizi ya kahawia inaweza ikakuachia shamba la kijani kabisa, majani ya chini yana unjano kidogo pembeni ya mishipa ukadhani yanazeeka tu, unasubiri miezi kumi na miwili unang'oa mizizi mikubwa unafurahi, unapasua, ndani kuna madoa ya kahawia makavu magumu kama kizibo. Mzani utasema tani 8. Mnunuzi wa udaga atasema hapana. Mi mwenyewe nishakaa na mke wangu tunachonga vipande vibovu kutwa nzima, tulichotupa kilikaribia kulingana na tulichoanika, na miti ile ilitoka kwa mtu niliyemwamini aliyekuwa haishi kuisifia kwa uzaaji.

Na kwa vile muhogo mbichi ukishamenywa na kukaushwa unabaki kama robo mpaka theluthi ya uzito, kila kilo inayoharibika inauma kwelikweli. Wengine wanakimbilia kung'oa mapema kabla madoa hayajazidi, wanaokoa ubora lakini mizizi bado haijajaa, kwa hiyo tani zile zile walizozifuata wamezipoteza kwa mikono yao.

Watu wanadhani habari ya kuhimili ugonjwa ni ya juzi. Ilianzia hapa hapa kwetu, pale Amani kule Tanga, miaka ya 1930, mtafiti Storey na wenzake walipochanganya muhogo na mti wa mpira wa jamii yake. Chotara wa kwanza alihimili ugonjwa lakini mizizi yake haikuwa ya kuliwa, ikabidi warudishie damu ya muhogo mara kadhaa mpaka mizizi ikarudi. Mbegu ya Namikonga imetoka kwenye kazi hiyo na mpaka leo wanaozalisha mbegu wanaitumia kupambana na michirizi. Kwa hiyo ni kweli kuhimili na kuzaa vilianza vikivutana, anayesema hivyo hadanganyi, ila kazi ya miaka yote hiyo ilikuwa ni kuvipatanisha.

Kuna jambo moja linanipa hofu hata upande wangu. Kuhimili ugonjwa mmoja sio kuhimili wote. Uganda walipopigwa na batobato kali miaka ya 1990 walipanda mbegu kama TME 14 na ikawaokoa, halafu kuanzia 2004 michirizi ikaonekana huko, juu ya mita 1,000 ambako watu waliamini haifiki, ikaikuta TME 14 haina kinga nayo. Kasulu na Kibondo tuko juu ya mita 1,000 pia. Na kuna mbegu zinazovumilia tu, Kiroba inasemwa sana kwa hilo, mizizi inatoka salama kiasi lakini virusi vimo, wewe unakula vizuri na jirani yako mwenye mbegu dhaifu anaumia kwa inzi wanaotoka kwako. Hapo yule mzee wa sokoni ana haki ya kuuliza, mnaposema inahimili mna maana gani?

Mi msimu huu nusu eka naweka ya kijana, na robo naacha mbegu yetu ya udaga, mbali na ile nyingine, kwenye kona ambayo upepo hauleti inzi moja kwa moja. Miezi mitatu ya kwanza napita kila wiki, mche wenye mabaka nang'oa. Wakati wa kukata miti ya kupanda sichukui kwenye shina lolote kabla sijafukua na kupasua mizizi yake yote, sio mmoja, maana doa linaweza likawa kwenye mzizi wa tatu, na shina ambalo majani yake ya chini niliyaona na unjano pembeni ya mishipa silikati mbegu hata kama mizizi imetoka myeupe.