Je, timu ya AFL inaweza kutwaa ubingwa bila mshambuliaji mrefu?

Septemba 30, 2017, Richmond waliingia uwanjani Melbourne kucheza fainali kuu ya AFL, ligi ya mpira wa Australia, mbele ya watu 100,021. Mbele walikuwa na mtu mmoja tu wa kimo, Jack Riewoldt. Waliomzunguka walikuwa wafupi wenye mbio: Daniel Rioli, Dan Butler, Jason Castagna. Watu waliwaita kikosi cha mbu. Wapinzani wao, Adelaide, walikuwa wamemaliza msimu wa kawaida wakiwa kileleni, na mbele yao walisimama watu wa miraba kama Taylor Walker na Josh Jenkins. Mechi iliisha 108 kwa 60. Richmond wakabeba kombe walilokuwa hawajaligusa tangu 1980.

Tangu siku ile hoja imekuwa ikirudi kila msimu: kama mbu wanatosha, kwa nini klabu ziendelee kutumia mamilioni kumtafuta jitu la mita mbili la kusimama mbele ya goli? Ni hoja nzuri, na wanaoipuuza mara nyingi hawajaitazama sawasawa ile mechi ya 2017. Ila wanaoishikilia nao hawajatazama sawasawa kilichofuata.

Kwa asiyeufuata mchezo huu, mambo machache. Uwanja ni wa duaradufu, mkubwa kuliko wa soka, na kila upande una watu 18. Hakuna kuotea. Kila mwisho wa uwanja una nguzo nne: mpira uliopigwa kwa mguu ukapita kati ya zile mbili za ndani ni goli, pointi 6, ukipita pembeni mwao ni pointi 1. Kanuni inayozaa mjadala wote huu ni ya kudaka. Mchezaji akiudaka mpira uliopigwa kwa mguu umbali wa mita 15 au zaidi, kabla haujamgusa mtu mwingine wala ardhi, anapewa nafasi ya kupiga bila kubughudhiwa. Akiudaka mita 30 mbele ya nguzo, hilo ni goli la kuhesabia. Ndiyo maana kwa zaidi ya miaka mia timu zimekuwa zikimweka mbele mtu mrefu, mwenye mikono ya chuma na kifua cha kuhimili msukumano, na kumbutulia mpira.

Kwa nini basi mbu walifaulu? Kwa sababu kocha Damien Hardwick hakujali sana mpira udakwe. Alitaka uende mbele, vyovyote vile: kwa ngumi, kwa kuparazwa, kwa kubutuliwa tu upande wa goli. Nia ilikuwa uanguke. Ukishaanguka, mrefu hana faida tena. Anachelewa kuinama na anachelewa kugeuka. Pale ndipo wale wafupi walipokula. Beki aliyeuokota alikuta watu wawili wameshamrukia, na kanuni inamwadhibu anayekamatwa na mpira mkononi baada ya kuwa na nafasi ya kuutoa. Mpira ulibaki umefungiwa kwenye nusu ya mpinzani, mashambulizi yakirudi kama mawimbi. Warefu wawili au watatu hawawezi kukaba hivyo kwa robo nne. Pumzi haiwatoshi.

Kuna pia suala la gharama, na hapa upande wa wafupi una hoja kali kuliko hata ya mbinu. Mshambuliaji mrefu anayechukuliwa akiwa na miaka 18 huhitaji misimu kadhaa kujaza mwili kabla hajaweza kupambana na mabeki watu wazima. Aliyekwisha kukomaa bei yake haishikiki. Sydney walimchukua Lance Franklin kutoka Hawthorn kuanzia msimu wa 2014 kwa mkataba wa miaka tisa wenye thamani ya dola milioni 10 za Australia. Franklin ndiye mtu wa mwisho kufunga magoli 100 katika msimu mmoja, mwaka 2008, na alipofikisha goli la 1,000 Machi 2022 maelfu ya mashabiki walivamia uwanja kumkumbatia. Sydney walifurahi naye sana. Lakini akiwa nao alicheza fainali kuu tatu, 2014, 2016 na 2022, na zote wakapoteza. Ile ya 2014 walifungwa kwa tofauti ya pointi 63 na Hawthorn, klabu ileile aliyoiacha, ambayo mwaka uliofuata ikabeba tena.

Na si yeye peke yake. Tony Lockett ana rekodi ya magoli yote ya historia, 1,360, na hakuwahi kushika ubingwa. Gary Ablett mkubwa alifunga magoli tisa katika fainali kuu ya 1989. Peke yake. Geelong wakapoteza kwa pointi sita. Carlton walikuwa na mfungaji bora wa ligi miaka mitatu mfululizo, Harry McKay mwaka 2021 kisha Charlie Curnow 2022 na 2023, wote warefu, wote wa klabu moja, na fainali kuu hawakuigusa katika misimu hiyo. Ubingwa wao wa mwisho ni wa 1995.

Mtu akisoma aya hizo mbili peke yake atafunga mjadala. Mimi siufungi, kwa sababu kila mfano humo una mtu aliyesahauliwa pembeni. Hawthorn walipoachwa na Franklin hawakubaki na wafupi watupu. Walikuwa na Jarryd Roughead, mfungaji bora wa ligi wa 2013, na Jack Gunston, wote warefu wa kutosha kumsumbua beki yeyote. Na Richmond wa 2017, hawa tunaowaita ushahidi mkuu, walikuwa na Riewoldt. Mtu aliyekuwa amekwisha kutwaa Medali ya Coleman ya mfungaji bora mara mbili, 2010 na 2012, na ambaye angeitwaa tena 2018. Mrefu mmoja si sawa na kutokuwa na mrefu. Msimu ule aliruka dhidi ya mabeki wawili, wakati mwingine watatu, akijua wazi kwamba hataudaka. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha na wao hawaudaki. Bila yeye, mbu wangekuwa wanamkimbilia beki ambaye tayari ana mpira mkononi na haki ya kupiga bila kuguswa.

Kwangu mimi swali zima liko hapo. Tunamhesabia mrefu magoli yake, ilhali thamani yake kubwa iko kwenye mipira ambayo beki hakuidaka.

Mchezo wa siku hizi umemtukuza beki mnyakuaji. Timu hujilinda kwa kanda, kila mtu akilinda eneo badala ya kumfuata mpinzani mmoja, mabeki wanasaidiana, na mmoja wao huachwa huru kusoma mpira unakoelekea na kuunyaka hewani. Melbourne walitwaa ubingwa wa 2021 wakiwa na wawili wa aina hiyo, Steven May na Jake Lever. Mwaka huohuo kikosi bora cha ligi kilimchagua Aliir Aliir wa Port Adelaide, beki aliyezaliwa katika kambi ya Kakuma, Kenya, kwa wazazi kutoka Sudan Kusini. Ukitaka kujua kunyaka maana yake nini, mtazame yeye dakika kumi tu. Beki wa namna hii akidaka, si kwamba umepoteza shambulio tu. Timu yako yote imeshasogea mbele, nyuma kuko wazi, naye anaweza kupiga kwa utulivu anakotaka.

Fainali kuu ya 2018 iliamuliwa hivyo hivyo. Dakika za mwisho, Collingwood wakiongoza kwa tofauti ndogo, mpira wao wa kwenda mbele ukanyakwa na Jeremy McGovern wa West Coast. McGovern akampigia Nathan Vardy, Vardy akampata Liam Ryan, Ryan akampata Dom Sheed, na Sheed akafunga kutoka pembeni kabisa mwa uwanja, kwenye pembe ambayo wengi hawaijaribu hata mazoezini. West Coast wakashinda 79 kwa 74. Cha kuchekesha ni kwamba muda mfupi kabla ya hapo Jack Darling, mshambuliaji wao mkubwa, aliuachia mpira mwepesi mbele kabisa ya goli. Alipoteza nafasi ya wazi na bado timu yake ikawa bingwa. Collingwood waliruhusu unyakuaji mmoja wakalala na viatu.

Wiki moja kabla, Collingwood hao hao walikuwa wamewatoa Richmond, waliokuwa wakiongoza msimamo na kupewa nafasi kubwa ya kutetea kombe. Aliyewaumiza ni Mason Cox, Mmarekani wa mita 2.11 kutoka Texas, mcheza kikapu wa chuo kikuu aliyeanza kujifunza mchezo huu mwaka 2014. Aliidaka mipira juu ya vichwa vya mabeki bora wa ligi, akafunga magoli matatu, na Richmond wakalala 97 kwa 58. Mbu walikuwepo. Kazi ya siku ile ilifanyika mahali wasipofika.

Baada ya hapo Richmond wenyewe walitoa jibu lao, na walilitoa kwa pesa. Walimchukua Tom Lynch wa Gold Coast, sentimita 199, mchezaji huru. Hatua hii haitajwi sana na wale wanaopenda kusimulia 2017. Msimu wa 2019, katika mechi ya kuingia fainali kuu, Richmond walikuwa nyuma ya Geelong hadi mapumziko. Lynch alifunga matano na wakageuza. Kwenye fainali yenyewe waliwafunga GWS (Greater Western Sydney) 114 kwa 25, na safari hii Riewoldt ndiye aliyefunga matano. Mwaka 2020 wakarudia, wakiwafunga Geelong. Warefu walipokuwa wawili, beki mnyakuaji wa mpinzani alilazimika kuchagua wa kumwacha, na kila chaguo lilikuwa baya.

Mpinzani wangu atasema, na atakuwa na haki, kwamba fainali zote tatu mchezaji bora alikuwa mtu mmoja, Dustin Martin, kiungo. Kwamba Richmond wangeshinda hata na mti mbele, ilimradi Martin yupo. Sikatai kwamba bila viungo hakuna kitu; ndiyo sababu hasa ya kilio cha Carlton na Sydney. Mrefu hawezi kujipigia mpira. Mpira unaofika mbele kwa haraka, kabla kanda haijajipanga, humfanya hata mrefu wa kawaida aonekane nyota. Unaofika umechelewa humfanya Franklin azungukwe na watu watatu. Geelong wa 2022, waliowafunga Sydney kwa tofauti ya pointi 81, walikuwa na Tom Hawkins na Jeremy Cameron kwa pamoja, lakini angalia pia kasi ya mpira uliowafikia.

Kwa hiyo klabu ikiniuliza, nitasema inahitaji mrefu, na haihitaji lazima nyota. Hapa soka linatupa jirani mzuri: yule namba tisa anayemaliza msimu na magoli sita, mashabiki wanamzomea, na kocha hathubutu kumweka benchi kwa sababu mabeki wawili wamefungwa naye dakika zote. Collingwood walitwaa ubingwa wa 2023 kwa pointi nne dhidi ya Brisbane, na shujaa alikuwa mfupi, Bobby Hill, magoli manne. Mbele pamoja naye alikuwa Brody Mihocek, ambaye klabu ilimwokota kutoka Port Melbourne, timu ya ligi ya jimbo, akiwa tayari ni mtu mzima. Hakuna aliyelipa milioni kumi. Alichofanya ni kugombea kila mpira wa juu kana kwamba ni wa mwisho, na Hill akapata vya kuokota.

Kesi moja inanisumbua katika hesabu hii. Western Bulldogs walimchukua Tom Boyd akiwa kijana wa miaka 19, kwa mkataba wa miaka saba uliotajwa kuwa karibu dola milioni 7, baada ya mechi chache tu za ligi kuu. Kwa kipimo changu ilikuwa pesa mbaya. Alistaafu 2019 akiwa na miaka 23. Lakini fainali kuu ya 2016 alidaka kila kitu, akafunga magoli matatu, moja la mbali mno katika robo ya mwisho, na klabu iliyokuwa haijatwaa ubingwa tangu 1954 ikautwaa. Muulize shabiki yeyote wa Bulldogs kama walipunjwa. Sina jibu la kumpa.

Sasa macho yako Sydney tena. Fainali kuu ya 2024 walifungwa na Brisbane kwa pointi 60, mbele wakiwa na warefu Joel Amartey na Logan McDonald, McDonald akiwa hajapona kifundo cha mguu. Mwishoni mwa 2025 wakaenda kumchukua Curnow kutoka Carlton, dawa ileile waliyoijaribu kwa Franklin. Watu watahesabu magoli yake. Mimi nitahesabu ni mara ngapi beki wa upande wa pili ameudaka mpira uliopigwa kumwelekea yeye.