Ukiambiwa picha ya eksirei haina kitu, rudi baada ya wiki mbili

Kila msimu wa karafuu ukianza Pemba, simu yangu huku Uingereza huanza kuingia habari za watu walioanguka. Mchumaji kateleza juu ya mkarafuu, au tawi limekatika, naye kajikinga kwa kiganja. Baada ya siku mbili tatu huja ujumbe mwengine: "Alhamdulillahi, kapigwa picha, haina kitu, sasa anakandwa." Huu wa pili ndio unaonitia wasiwasi kuliko wa kwanza.

Ndugu zangu wengi tulio nje, tukilinganisha hospitali za huku na za kwetu, huanza na mashine. Mimi naona kwa mkono ulioumia mashine si hoja kubwa. Eksirei ipo hospitali ya Mnazi Mmoja kule Unguja, ipo hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani, Pemba, na miale inayopita kwenye kiganja cha mchuma karafuu ni ile ile inayopita kwenye kiganja cha Mwingereza. Tofauti niliyoiona mimi ni ya kurudi. Huku mtu akianguka, akalalamika maumivu chini ya kidole gumba, hata picha ikitoka safi haachwi ende zake hivi hivi. Atafungwa banzi na kupangiwa siku ya kuonekana tena, au atapelekwa kwenye kipimo kikubwa zaidi.

Wana sababu. Mkono, kuanzia kwenye kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27, na 8 kati yake ni midogo midogo iliyopangana kwenye kifundo. Mmoja unaitwa skafoidi, umekaa upande wa kidole gumba, na umbo lake kama mashua. Anayeanguka na kuuzuia mwili kwa kiganja, uzito wote unapita hapo. Nyoosha kidole gumba juu utaona kishimo chini yake. Pakibonyezwa hapo na mtu akaruka kwa maumivu, daktari mzuri humhesabu kuwa amevunjika mpaka ithibitike kuwa hakuvunjika. Shida ni kwamba ufa wa skafoidi siku ya kwanza unaweza kuwa mwembamba hata usionekane kabisa kwenye picha. Baada ya siku 10 hadi 14, mwili unapoanza kuyeyusha kingo za ufa ili uunge, picha ya pili huonyesha kile ambacho ya kwanza haikukionyesha.

Na mfupa huu hausamehe. Sehemu kubwa ya damu yake huingilia upande wa mbele, karibu na vidole, kisha ndiyo irudi nyuma. Ukikatika katikati, kipande cha nyuma kinaweza kukosa damu kikafa. Mtoto wa ami yangu aliambiwa picha yake haina kitu, hakuna aliyemwambia arudi, akakandwa kwa mafuta ya moto wiki nzima. Leo hawezi kuinuka kwenye mkeka kwa kuegemea mkono ule, wala hawezi kupiga kasia. Bado kijana. Mimi sina ugomvi na wakandaji, wapo wenye mikono ya baraka na misuli iliyokaza wanaijua. Lakini mfupa ambao haujulikani kama umevunjika haukandwi, na hilo nalisema bila ya kumung'unya maneno.

Kuna jambo jengine ambalo mgonjwa mwenyewe anaweza kulisimamia: kuonyesha kwa kidole pale hasa panapouma. Anayepiga picha akiandikiwa "mkono" tu, atapiga mkono. Akiandikiwa kuwa mtu kaanguka na anaumwa kwenye kishimo cha kidole gumba, atauweka mkono kwa mikao ya kuutafuta mfupa ule. Picha moja ya kiganja kilicholala haitoshi. Ufa uliojificha ukitazamwa kwa mbele huweza kujitokeza ukitazamwa kwa ubavu au kwa mshazari.

Picha mashuhuri ya mwanzo ya miale hii ilikuwa ya mkono vile vile. Desemba 1895 Wilhelm Röntgen aliupiga mkono wa mkewe, Anna Bertha, huko Ujerumani. Ikatoka mifupa na pete, nyama ikabaki kivuli. Na mpaka leo ndivyo ilivyo: eksirei inaona mfupa, chuma na kigae cha kioo, lakini kibanzi cha mti kilichozama kiganjani mara nyingi hakionekani. Kwa hiyo mvuvi au mama wa mwani aliyechomwa na kitu, mkono ukavimba, asitulizwe na picha tu. Usaha ukiingia kwenye mfupa, picha ya kawaida huchukua kiasi cha siku 10 mpaka wiki mbili kuonyesha kuwa mfupa unaliwa. Joto, uvimbe na homa huwa vimeshasema zamani.

Watoto wenye sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, ni hivyo hivyo. Mtoto wa mwaka mmoja anavimba vidole vya mikono na miguu, analia akiguswa, picha ya mwanzo inaonyesha nyama iliyovimba na mifupa mizima. Mama akirudishwa nyumbani na neno "hana kitu", damu ya mtoto haijapimwa, tumempoteza mgonjwa aliyekuwa ameshafika mlangoni. Hata baridi yabisi ya bibi zetu huanza kuuma kabla haijatafuna mifupa kwenye mizizi ya vidole kiasi cha kuonekana.

Msidhani nasifu kila cha huku. Huku usipokuwa na dharura utasubiri miezi kumwona daktari bingwa wa mkono, na utakwenda peke yako, huna shangazi wala jirani wa kukusindikiza na kukukumbusha aliyoyasema daktari. Picha hubaki kwenye kompyuta zao, mgonjwa hatoki nayo mkononi. Kwetu wengi bado wanabeba picha yao kwenye bahasha, na mimi naiona hiyo ni neema. Itunzeni. Daktari akiziweka ya zamani na ya sasa pamoja anajua ufa umeunga au umepanuka, jongo limekula kidogo au sana. Na wanaoogopa mionzi: picha moja ya mkono ina mionzi pungufu ya ile ambayo ardhi na anga hutupa sote kwa siku moja. Mjamzito aseme kuwa ni mjamzito, basi.

Najua kwa nini watu hawarudi. Mchumaji analipwa kwa pishi, yaani kwa kipimo cha karafuu alizochuma, na siku ya hospitali ni siku isiyo na pishi hata moja. Kutoka Micheweni mpaka Mkoani ni kukivuka kisiwa kizima. Sisi tulio nje huchanga haraka mtu anapoanguka, tukisikia picha ni safi tunanyamaza, kundi la simu linageukia harusi. Naomba tubadilishe hapo. Tukichanga, tuchange safari mbili: ya siku alipoanguka, na ya wiki mbili baadaye, pamoja na thamani ya pishi atakazokosa siku hiyo. Tena tumpigie simu siku ile yenyewe tumuulize kama ameshapanda gari.