Kikombe cha Tarehe 18/8

Mimi nilikuwa nakunywa chai yangu kwa amani. Miaka kumi na moja, kibanda kile kile karibu na stegi ya Kondele hapa Kisumu, benchi lile lile lenye msumari uliochomoza, na kikombe chochote ambacho mama chai angeniletea. Kikiwa na mkono, sawa. Kikiwa kimevunjika mkono, nashika kwa leso na maisha yanaendelea. Sikuwahi kujua kwamba nina tatizo la kikombe mpaka binti yangu alipojiunga na klabu ya mazingira shuleni.

Yuko gredi ya sita. Zamani mtoto wa umri huo alitoka shule na shairi, wangu anatoka na sheria. Ananisomea mezani kama karani wa mahakama: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, faini hadi shilingi milioni 4 au jela hadi miaka 4. Vikombe vya plastiki vya kutumia mara moja, pamoja na mirija na chupa za maji, haviingii kwenye mbuga na hifadhi tangu 5 Juni 2020, kwa hivyo tukienda kuona swala pale Impala Sanctuary, tafadhali baba, usinitie aibu langoni.

Nikamwambia ofisini tunatumia vikombe vya karatasi, na karatasi ni mti, na mti ni mazingira. Akanitazama vile mama yake hunitazama nikisema mshahara umechelewa.

"Baba, kama ni karatasi tupu, mbona chai haitoboi?"

Sikuwa na jibu. Kumbe ndani kumepakwa plastiki nyembamba. Hiyo ndiyo inayozuia chai isikuangukie mapajani, na hiyo hiyo ndiyo inayowapa shida watu wa kurejeleza karatasi, maana kuibandua si kazi ya mkono. Nimekunywa vikombe hivyo miaka yote hiyo nikijiona rafiki wa msitu.

Basi Jumapili nikapelekwa Kibuye. Nasema nikapelekwa, kwa sababu mtu mzima akiongozwa sokoni na mtoto aliyeshika daftari, hakwenda, amepelekwa. Na Kibuye Jumapili si mahali pa mtu asiyejua anachotaka. Ukisimama dakika mbili umeshanunua suruali.

Muuzaji wa kwanza alituonyesha kikombe cha mianzi. Chepesi, rangi ya udongo, kizuri kama cha waziri. "Hii ni asili tupu, mzee." Binti akauliza mianzi imeshikana vipi. Muuzaji akageuka kumhudumia mteja ambaye mimi sikumwona. Mianzi ile husagwa ikawa unga, unga ukagandishwa kwa gundi ya melamini, na chai ya moto huweza kuichopoa gundi hiyo kidogo kidogo ikaingia nayo tumboni. Mimi peke yangu ningekinunua. Kilikuwa kizuri jamani.

Cha plastiki ngumu binti alikataa kwa kukinusa tu. Mimi nikasimamia kile cha bati cheupe chenye ukingo wa bluu, ambacho sote tumelelewa nacho. Ule weupe si rangi, ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma, ndiyo maana kikianguka mara moja kinabanduka, na panapobanduka pananyemelewa na kutu. Nyanya yangu alikuwa nacho kimoja kilichobanduka kila mahali pa kubandukia. Alikitumia mpaka alipoaga, na kutu halikuthubutu kumgusa. Lakini nani atamwambia hivyo mtu wa daftari?

Tukaishia kwenye kikombe cha chuma kisichoshika kutu, cha kuta mbili, chenye kifuniko cha kuzungusha. Muuzaji akakipindua kunionyesha kitako: 18/8.

"Ooh," nikasema, "ni kipya kabisa. Kimetengenezwa tarehe 18 mwezi wa nane."

Muuzaji, kwa heshima ya biashara, hakucheka. Binti alicheka kwa niaba ya wote wawili. Kumbe ni mchanganyiko wa chuma: asilimia 18 kromiamu, asilimia 8 nikeli. Kromiamu ndiyo inayofukuza kutu. Bei ilianza 1,200 ikashuka hadi 750, na ile mia moja ya mwisho nadhani nilipunguziwa kwa huruma.

Nyumbani, kabla sijakiosha, nikapewa masharti. Mwaka 1994 kuna mwanakemia wa Canada, Martin Hocking, alikaa akapiga hesabu ya nishati inayotumika kutengeneza vikombe na kuviosha. Akakuta kikombe cha udongo lazima kitumike kama mara 39 ndipo kilingane na kutumia vya karatasi. Ukikishindanisha na vile vyeupe vyepesi vya povu, ni mara elfu moja na kidogo. Elfu moja! Kuna ndoa hazifiki chai elfu moja.

Nikajitetea kwamba changu ni cha chuma, bwana yule hakukiweka kwenye hesabu. Tena yeye alihesabu na umeme wa mashine ya kuosha vyombo, na mimi mashine yangu ni karai na maji ya mfereji. Binti akasema sawa, basi tuanze na 39 tuone kama baba ataweza. Akatundika kalenda ya posho mill karibu na mlango, na kila nikirudi anapiga mstari mmoja, kama mfungwa anayehesabu siku ukutani.

Jumatatu nikafika kwa mama chai nimekibeba kama kombe la gavana. Akakiangalia, akanizunguka kuona kama kuna kingine nyuma.

"Hii ni kikombe ama ni ndoo?"

"Mama, ni kikombe tu. Nitilie chai."

Akachukua kikombe chake, akajaza, akamimina kwenye changu. Akajaza tena, akamimina. "Arobaini."

"Mama, chai ni shilingi ishirini."

"Chai ni ishirini kikombe. Hapa vimeingia viwili."

Sasa ndipo nilipoelewa kwamba kwetu kikombe si chombo, ni kipimo. Mahindi yana gorogoro, omena ina mkebe wake, na chai ina kile kikombe chake cha njano chenye alama ya meno. Nikajaribu ustaarabu. Nikamwambia ng'ambo kuna mikahawa ambayo ukija na kikombe chako unapunguziwa bei, kwa sababu umewaokolea kikombe.

"Sasa wewe umeniokolea nini? Changu hakitupwi. Kiko hapa tangu uje mjini."

Na ni kweli. Alikuwa na beseni mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuza, na vikombe kumi na viwili ambavyo vimepita midomo ya Kondele yote na bado vinaitwa vikombe. Kama hesabu ya yule bwana wa Canada ingeletwa pale kibandani, vile vikombe vingelipa deni la karatasi kabla ya wiki mbili kwisha. Nilimwambia binti hilo jioni. Akaandika kwenye daftari, akasema ni hoja nzuri, lakini je, mama chai yuko ofisini saa nne? Mtoto huyu ataolewa na nani?

Tena kifuniko nacho kilinitenga na watu. Kibandani mnakunywa mkitazamana, kila mtu anaona cha mwenzake, huyu ya maziwa, huyu ya rangi, huyu leo hana pesa anashikilia tu kikombe kitupu apate kukaa. Mimi nafyonza kitundu. Siku ya tatu jamaa mmoja wa bodaboda akaniinamia sikioni: "Omera, hiyo umetoa wapi saa hizi asubuhi?" Alidhani ni chang'aa. Nikamfungulia kifuniko anuse. Akanusa, akasikitika kwa dhati.

Matatu sitaki kuizungumzia sana. Muuzaji aliniambia kikombe hakivuji, akakipindua mbele yangu kikiwa na maji baridi, na kweli hakikudondoka hata tone. Alichoniachia nigundue mwenyewe ni kwamba ukifunga chai inayochemka, ile hewa iliyobaki juu inapata joto, inatanuka, inatafuta mlango. Tulipita tuta moja, likaja la pili, na la tatu hewa ikaupata. Mama aliyekaa karibu nami alikuwa amevaa nguo nyeupe za kanisani. Nililipa dobi. Yale mengine aliyoniambia siyaandiki, maana alikuwa anaelekea kwenye maombi na naamini alitubu.

Kitu ambacho siwezi kukilaumu kikombe kile ni joto. Kati ya kuta zake mbili wamefyonza hewa yote, kwa hivyo joto halina daraja la kuvukia. Aliyeanzisha ujanja huo ni Mskoti James Dewar, mwaka 1892, na kwa wema wake hakuchukua hataza, Wajerumani wakaja wakaifanya biashara na kuiita Thermos. Namwonea huruma Bwana Dewar, amekuwa kama sisi. Lakini pia namuuliza: alifikiria mtu wa Kisumu? Saa sita mchana, jua limekaa juu ya ziwa, shati limeganda mgongoni, mafeni ya ofisi yanazungusha moto, nami nafungua kikombe nikutane na chai ambayo bado inachoma ulimi. Uskoti wanahitaji. Mimi nilihitaji kitu kinachopoa.

Halafu kukawa na ile Ijumaa. Niliacha chai ya maziwa nusu kikombe, nikafunga vizuri kwa sababu mimi ni mtu wa usafi, nikaenda nyumbani. Chai ya maziwa siku tatu, kwenye chombo kilichofungwa na kinachotunza joto: nilikuwa nimejenga kiwanda cha maziwa lala bila leseni. Jumatatu nikafungua. Mwenzangu wa dawati la pili aliinuka akaenda kutafuta panya aliyekufa nyuma ya kabati, akamtafuta dakika ishirini, na mimi nikamsaidia kutafuta. Nifanyeje?

Niliosha na sabuni, harufu ikabaki. Nikaosha na mchanga kama vile tulivyokuwa tukiosha sufuria nyumbani, nikapata mikwaruzo na harufu. Mama watoto ndiye aliyeniambia harufu haiko kwenye chuma, iko kwenye ule mpira wa kifuniko. Uchomoe kwa ncha ya kisu, uloweke usiku kucha kwenye maji ya moto na magadi, yale yale ya kulainishia mboga za kienyeji. Ukafaulu. Ila siku mbili chai ikawa na ladha ya mbali ya mrenda.

Hata hivyo nilivumilia. Mistari kwenye kalenda ikafika 31. Binti akaanza kuniita baba mbele ya wenzake.

Ndipo tukapata msiba upande wa Ugunja, shemeji wa mjomba, na mimi kwa ujinga wa mazoea nikabeba kikombe changu. Mtu hapeleki kikombe matangani. Kule kila kijiji kina chama cha kina mama chenye masufuria, sahani na vikombe vyao, vimetiwa alama ya rangi ya kucha kitakoni ili vikitoka boma hili vijulikane boma lile. Ukifika unapewa. Mimi nikafika na changu, nikajaziwa chai asubuhi na mapema, na kabla sijanywa, jaduong' mmoja, mzee kabisa, akanyoosha mkono. Ungefanya nini wewe? Unamwambia mzee wa miaka themanini kwamba kikombe hiki kina hesabu ya Canada?

Akanywa, akafunika, akahutubia watu. Baada ya saa moja akafungua tena. "Bado ina moto! Ber ahinya!" Yaani, nzuri sana. Akampa mzee mwenzake aonje. Naye akampa wa tatu. Kikombe kikazunguka wazee wote chini ya hema, kila mmoja akikifungua kuhakikisha, na mimi nikikifuata kwa macho kama mtu anayeangalia gari lake likiendeshwa na shemeji. Jioni kiliingia kwenye karai la vyombo pamoja na vingine mia mbili, na sikukiona tena.

Nyumbani binti alitazama mkoba wangu, akatazama kalenda.

"Zilibaki ngapi, baba?"

"Nane."

Hakusema neno. Alichukua kalenda akaigeuza uso ukutani.

Mwezi mmoja baadaye, msiba mwingine, boma la jirani yao. Nimeketi kwenye kiti cha plastiki, msichana anapita na sinia ya chai, ananipa kikombe, na mkono wangu unakitambua kabla ya macho. Uzito ule, mikwaruzo ya mchanga ile. Kifuniko hakikuwepo, na kusema kweli hakuna aliyekililia. Chai ilikuwa ya moto, nikainywa taratibu mpaka mwisho, kisha nikakipindua. Kitakoni, kando ya 18/8, palikuwa pameandikwa kwa rangi nyekundu ya kucha: 47. Nikawaza kilivyozunguka mazishini mwezi mzima, kila kutwa watu watatu wanne, nikakuta kimeshapita 39 zamani bila mimi.

Sijui nilikaa nacho muda gani. Nilishtuka mama mmoja wa chama amesimama mbele yangu, mikono kiunoni, nyuma yake karai la vyombo vilivyohesabiwa.

"Tunatafuta kimoja, namba 47. Baba, hiki unakiangalia hivi, unataka kukifanyia nini?"

Watu wakageuka. Hata yule jaduong' akageuka. Nikamkabidhi kwa mikono miwili.

"Hapana mama," nikasema. "Nilikuwa nasoma tarehe tu."