Bibi Hayumo: Picha ya Familia ya Copley kwa Jicho la Mhamiaji

Katika Jumba la Taifa la Sanaa mjini Washington, ambako kuingia ni bure, kuna mchoro wa rangi za mafuta wenye upana unaozidi mita 2, ambao John Singleton Copley aliuchora London mwaka 1776 na 1777 akiionyesha familia yake mwenyewe. Wengi husifu hariri ya nguo na namna watoto walivyomzonga mama yao, Susanna, kwenye kochi. Mimi, mzaliwa wa Tanga ninayeishi huku Marekani, naiona kwanza kuwa picha ya wahamiaji.

Copley aliondoka Boston mwaka 1774 kwenda kujiendeleza Ulaya, na vita vya uhuru wa Marekani vilipoanza mwaka uliofuata, mkewe akamfuata London na watoto watatu. Mzee aliyempakata mjukuu ni baba mkwe wake, Richard Clarke, mmoja wa wafanyabiashara waliokuwa waipokee ile chai iliyomwagwa na waliopinga kodi ya Waingereza katika bandari ya Boston mwaka 1773. Naye alihamia London. Lakini kulikuwa na mtoto mchanga wa kiume, dhaifu mno kwa safari ya bahari, aliyeachwa Boston kwa bibi yake, mama mzazi wa Copley, na akafia huko. Katika mchoro hayumo mtoto huyo, wala bibi aliyebaki kumlea.

Kwetu hilo ni gumu kulikubali. Picha ya familia haipigwi mpaka bibi aletewe kiti na kuketishwa katikati, shangazi na wajomba wasimame nyuma, na watoto wajipange chini. Siku hizi hata aliye ughaibuni huitwa kwa simu ya video, na mtu huiinua simu ili sura yake ionekane. Huku, nyumba nyingi ninazoingia zina ukutani baba, mama na watoto tu, na nasikitika kuona sisi wahamiaji tumeanza kuufuata mpangilio huo.

Wala si kwamba rangi za mafuta zisingeweza kumweka asiyekuwepo. Mwaka 1742, William Hogarth aliwachora watoto wanne wa Daniel Graham, mtengenezaji wa dawa za mfalme wa Uingereza. Mdogo wao, Thomas, alifariki kabla kazi haijakamilika, lakini yumo pamoja na wenzake, akizinyooshea mkono cheri alizoshika dada yake. Naipenda picha hiyo kuliko ya Copley, kwa sababu mchoraji huweza kuwakutanisha waliotenganishwa na bahari au na kifo.

Kwa hiyo fedha tunazotumia kupiga picha za studio huku, sehemu yake ingefaa iwafikie wachoraji wa nyumbani. Wapewe picha ya zamani ya bibi, ya ndugu aliye Muscat na ya mtoto tuliyemzika, wawachore wote kwenye turubai moja, bibi akiwa katikati.