Aliyekaza Bolti Hii Ajitokeze

Mimi sina ugomvi na kutu. Kutu ni kazi ya Mungu. Naishi Kigamboni, upepo wa bahari unakula mabati, unakula nondo za madirisha, unakula hata bawaba za geti la msikiti. Ukila na bolti za kigari changu nimshtaki nani? Ugomvi wangu ni na binadamu. Kuna binadamu mmoja, sijui yuko wapi muda huu, pengine kakaa mahali anakunywa chai na maandazi kwa amani kabisa, ndiye aliyekaza bolti ya kalipa, kile chuma kinachobana pedi za breki kwenye diski ya gurudumu la kigari changu, kwa hasira za mambo yake ya nyumbani.

Maana bolti yenyewe haikubeba nyumba. Ni kijibolti cha spana 14, kazi yake kushikilia kalipa kwenye pini zake, basi. Kwa vigari vya saizi hii inatakiwa ikazwe Nyutoni-mita thelathini na ushee, yaani mtu mzima aliyekula asubuhi, spana fupi, mkono mmoja, imetosha. Kuna hata spana zinazopima nguvu, ukifika kipimo inalia "kach" inakuambia acha. Hizo mimi nimeziona kwenye video tu. Yule bwana wangu alivalisha bomba kwenye spana, akapanda juu, na nina wasiwasi alimwita na mwenzake waruke pamoja.

Yote haya yameletwa na pedi. Breki zilianza kulia kwiii, ile sauti nyembamba. Wajapani walifikiria, wameweka kijibati kidogo pembeni ya pedi, ikilika sana kile kijibati kinagusa diski kinapiga kelele ili mwenye gari ajiongeze. Ni huruma yao tu. Sasa ukisimama kituoni na kelele hiyo, daladala nzima inakugeukia utafikiri umebeba mbuzi ndani ya buti. Nikasema yaishe, nikaenda kwa fundi wetu pale chini ya mwembe.

Fundi kaichungulia, kajifuta mikono. "Bosi, kazi ndogo hii. Nusu saa."

Jamani, ukisikia fundi anasema nusu saa, piga simu nyumbani waambie wasikuwekee chakula.

Jeki ikapanda, gogo likawekwa chini, jiwe nyuma ya tairi. Tairi likatoka. Bolti ya juu ikafunguka kwa heshima na adabu, hata sikuiona ikitoka. Nikaanza kumuamini fundi. Ya chini sasa. Spana ikaingia, fundi akavuta. Kimya. Akavuta tena mishipa ya shingo ikatoka. Kimya. Kisha ikaanza kuzunguka, watu wote tukashangilia, kumbe inayozunguka ni pini, imeshikana na bolti wanakwenda wote. Fundi akamwambia dogo wake, "Shika pini na spana 17 ile nyembamba." Dogo akaleta 17 nene, haiingii. Nyembamba ameazimwa fundi wa barabara ya pili, naye amesafiri, yuko Mbagala kwenye msiba.

Ikabidi dogo ashike kwa spana malaya, ile inayopanuliwa na kubanwa mdomo, na fundi avute kwa soketi. Hapo ndipo ukaja mjadala wa kushoto na kulia. Bolti ile kichwa chake kimetazama ndani ya gari, na dogo kalala chini upande wa pili anatazamana na fundi. Fundi anasema zungusha kushoto. Kushoto kwa nani? Dogo akageuza kushoto kwake. Dereva wa boda aliyekuwa amepaki tu anasubiri abiria akasema, "Mnakaza hao." Fundi akasema hatukazi. Boda akachukua kifuniko cha chupa ya maji akakifungua na kukifunga mbele yetu, kwanza akikitazama kwa juu, halafu kwa chini. Kweli, walikuwa wanakaza.

Basi tukaanza upya upande uliokusudiwa. Sasa ile soketi ya fundi ni ya pembe 12, tena imezeeka, inashika bolti kwenye kona tu. Ya pembe sita ingeshika ubapa wote. Nilisikia "kruk". Kwa sekunde moja nikadhani imeachia. Fundi akatoa soketi, akawasha tochi ya simu, akanyamaza. Kichwa cha bolti kilichokuwa na kona sita sasa kina kona mbili na masalia. Kwingine kote ni duara, kinang'aa, kinanitazama.

Ukitaka kujua idadi ya wataalamu wa magari mtaani kwako, haribu bolti hadharani. Muuza mihogo alisema tumwagie soda ya kola, tulale nayo hadi kesho. Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo akasema mafuta ya nazi, hata pete ikikwama kidoleni inatoka. Kijana wa vocha akasema choma na gesi. Hilo fundi alilikataa kwa ukali, na kwa hilo nampa heshima yake: pale pana mipira ya pini, pana mpira wa pistoni, pana na mafuta ya breki ambayo yanashika moto. "Mnataka tumalize na gari lenyewe?" Kijana wa vocha akaonekana kutoona ubaya wowote.

Nikanunua kopo la WD-40, yale mafuta ya kupuliza ya kulegeza kutu, bei yake sitaki kuitaja watoto wakiwa macho. Tukapuliza, tukasubiri. Wakati wa kusubiri ndipo mwalimu mstaafu, jirani yangu, akaleta kiti chake cha plastiki akatupa somo: mafuta yale yametengenezwa 1953 huko San Diego, Marekani, kwa ajili ya makombora ya Atlas yasishike kutu, na ile 40 ni kwamba walikosea mara 39, mchanganyiko wa 40 ndio ukakubali.

"Kwa hiyo na nyinyi msikate tamaa," akasema.

Mwalimu, kombora linakwenda angani likapona kutu, mimi nataka kufika Ferry tu.

Fundi akaja na mbinu ya soketi 13. Ni ndogo kwa bolti, ndiyo maana unaipigilia na nyundo mpaka ing'ate. Ikang'ata. Akavuta, ikateleza, fundi akajigonga vidole kwenye ukingo wa diski, akasema maneno ambayo mwalimu alijifanya anakohoa. Patasi nayo ikajaribiwa, unaiegemeza pembeni ya kichwa unagonga kwa pembe ili bolti igeuke. Iliacha alama nzuri. Bolti iko palepale. Ukweli niseme, kufikia hapo nilikuwa nimeanza kumheshimu yule aliyeikaza. Kama angekuwa mhandisi wa madaraja nchi ingefika mbali.

Mwisho akaitwa fundi wa kuchomelea, yule anayetengeneza mageti mlango wa tatu. Huyu hakutoa maoni. Alitazama, akauliza, "Betri mmetoa tominali?" Hawajatoa. Wakatoa. Wakafungua zile bolti mbili kubwa za nyuma, kalipa na kitako chake vikashuka vyote pamoja, vikafungwa na waya visining'inie kwenye mpira wa breki. Akachukua nati kubwa, akaiegesha juu ya kile kichwa kilichonyolewa, ndipo umeme ukakatika.

Tukakaa. Nikanunua soda za watu wote, pamoja na boda ambaye abiria wake alishakuja akaondoka na mwingine. Muuza mihogo aliuza akamaliza. Nadhani ndiye pekee aliyepata faida katika suala hili.

Umeme uliporudi, jamaa alichomelea ndani ya ile nati, cheche mbili tatu, akaacha ipoe mpaka wekundu uondoke. Akaweka spana kwenye nati, akavuta taratibu. Ikalia "kwiiik" ndefu, ikaja. Hivyo tu. Joto la kuchomelea limeachanisha kutu, na nati imempa kona sita mpya za kushika. Elfu tano yangu akaweka mfukoni, akarudi kwenye mageti yake. Wale waliokuwa na mafuta ya nazi na kola walisema ndivyo walivyokuwa wanamaanisha.

Sasa inatakiwa bolti nyingine, maana ile imeoana na nati. Nikavuka kwenda Ilala, Shauri Moyo, kwa wauza spea za mtumba. Nikaonyesha.

"Bolti peke yake hatuuzi, bosi. Chukua kalipa nzima."

"Kalipa ninayo."

"Utakuwa nazo mbili."

"Nataka bolti moja."

"Nikikuuzia bolti, hii kalipa isiyo na bolti nimuuzie nani?"

Nilitafuta jibu, sikulipata. Nikalipa kalipa nzima, na bolti zake, na pini zake, nikarudi nayo imefungwa gazeti, inavuja mafuta kwenye suruali ya kazini.

Fundi akaifungua gazeti, akasifia. "Hii mali, bosi. Haijawahi kuguswa tangu Japani." Akaweka 14 kwenye bolti ya chini, akavuta. Akabadilisha mkono, akavuta tena. Akaweka kalipa chini, akaikanyaga, akavuta kwa mikono miwili. Dogo, bila kuambiwa, alikuwa ameshakwenda kuchukua bomba.

Nikampigia muuzaji. Akasema kwa fahari kabisa, "Si nimekwambia orijino? Inayofunguka kirahisi ndiyo ya kuitilia shaka."

Mwalimu akavuta kiti chake karibu, akauliza kama yule wa mageti hajafunga bado.