Mheshimiwa Hanywi Maji ya Bomba

Mnaniona hapa na kopo mkononi, nimenyata juani namvizia nzi kwenye ukuta wa choo, mnanong'onezana kwamba akili zimeruka. Hazijaruka. Natafuta chakula cha mmea.

Nianze mwanzo. Nyumbani kulikuwa na nzi. Sio wa kutangazia hali ya hatari, nzi wa kawaida tu: mmoja kwenye kikombe, wawili kwenye sahani, na yule wa alfajiri ambaye kazi yake ni kukukanyaga midomo pale usingizi unapokolea. Nikasikia kuna mmea unakula nzi, Wazungu wanauita Venus flytrap, yaani mtego wa nzi. Nikasema hapo sasa! Naweka dirishani, wenyewe unakula, mimi nalala. Nikanunua. Mama watoto akauliza, "Na hiki nacho ni cha nini?" Nikamjibu kifua mbele, "Huyu ni mfanyakazi, mama. Na halipwi."

Yule wa kwanza niliuzika mwili wake baada ya wiki tatu. Nilimuua kwa mapenzi. Nilimpa udongo mweusi wenye samadi, ule ambao ukichomeka fimbo ya babu inatoa majani, halafu maji ya bomba asubuhi na jioni. Akaanza kuwa mweusi. Nikaongeza samadi. Kumbe mwenzetu kwao ni vinamasi vya Carolina Kaskazini na Carolina Kusini, Marekani, kipande kidogo tu cha ardhi kuzunguka mji wa Wilmington, na udongo wa huko ni mchanga na mboji chachu, nitrojeni, kile chakula cha mimea, karibu hakuna. Ndiyo maana akaanza kula wadudu: ardhini alikosa. Mizizi yake haijazoea mbolea, ukimpa inaungua. Yaani dhiki ndiyo afya yake. Mimi nimekaa na dhiki miaka yote hii na sijaota hata jino moja la ziada.

Wa pili nikampandia anavyotaka, pitimosi, yaani mabaki ya mimea ya kinamasi yaliyooza, na perlaiti, vile vijiwe vyeupe vyepesi, chembe ya mbolea hakuna. Huyu ndiye Mheshimiwa. Jina kampa mama watoto, kwa sababu ya maji. Maji ya bomba hanywi. Ya kisima hanywi. Ya chupa yale ya madini usimwonyeshe kabisa. Nikajitia akili nikamchemshia. Kumbe kuchemsha kunaondoa vijidudu, chumvichumvi inabaki palepale na inazidi kukolea. Yeye ni maji ya mvua au yaliyokenekwa, yaani mvuke uliogeuzwa tena maji, chumvichumvi isizidi chembe 50 katika milioni. Na hamwagiliwi kichwani kama mchicha, eti anawekewa kisahani cha maji chini ya chungu, avute mwenyewe taratibu. Kwa hiyo wingu likitanda, watu wote mtaani wanakimbilia kuanua nguo, mimi nakimbilia kupanga masufuria uani. Nguo zinalowa, sufuria zinajaa, na mwenye nguo anaishi humu humu ndani.

Kiangazi ndicho kilinivua nguo. Nikaenda kununua dumu la maji yaliyokenekwa, yale watu wanayoita maji ya betri. (Maji, jamani, sio asidi. Ukikosea hapo utazika tena.) Mama watoto akalitazama dumu, akanitazama mimi, akarudi kwenye dumu.

"Baba watoto, hivi gari tumenunua lini?"

Sikuwa na la kusema. Na jua nalo! Anataka jua la moja kwa moja saa sita kwa siku, likipatikana zaidi atashukuru. Sasa dirisha lenye jua hilo ndilo lilikuwa na kiti changu. Mheshimiwa yupo dirishani. Kiti kipo karibu na mlango wa jikoni, na mimi nipo juu yake, moshi wote wangu.

Lakini ngoja niwaambie kuhusu hiyo midomo, kwa sababu hapo ndipo nilipoibiwa kweli kweli.

Kila mdomo ni jani lililogawanyika mapande mawili, pembeni lina meno, na ndani kila upande kuna vinyweleo, kwa kawaida vitatu. Nzi akikigusa kimoja mara moja, kimya. Mheshimiwa anasubiri. Akikigusa tena, au akagusa kingine, ndani ya kama sekunde 20, papo hapo mdomo unafumba, sehemu ya kumi ya sekunde, hujapepesa jicho. Na hata hapo bado hajaamua kula! Anasubiri yule aliyenaswa ahangaike, aguseguse vinyweleo mara kadhaa zaidi, ndipo anabana sawasawa na kumwaga majimaji ya kumeng'enya. Mmea usio na ubongo unahesabu. Nina binamu ana kichwa kizima na kila nikimkopesha hesabu inampotea kwenye mbili.

Darwin, yule mwanasayansi wa Uingereza, alimwandikia mnyama huyu, samahani, mmea huyu, sura nzima ya kitabu mwaka 1875, akasema ni miongoni mwa mimea ya ajabu zaidi duniani. Sikatai. Ila Darwin hakuwa amemnunua amalize nzi. Akishakula nzi mmoja, ule mdomo unafungwa wiki nzima, pengine siku kumi. Nzi mmoja! Mheshimiwa ana midomo sita. Piga hesabu: nzi sita kwa siku kumi, na nimewaambia wawili wapo kwenye sahani muda huu. Halafu kila mdomo ukishakula mara tatu nne hivi, unazeeka, unakuwa mweusi, unakufa, tunaanza upya.

Na hilo jina lake la kunasa nzi ni matangazo. Kule kwao kinamasini chakula chake kikubwa ni sisimizi na buibui, wanaotembea kwa miguu. Nzi ni bahati nasibu. Kwangu humu sisimizi wanapita kwa foleni pembeni ya chungu, hawapandi, wana akili. Na nzi wanatua juu ya jani, wanasugua mikono, wanaondoka.

Ndipo nikaanza kumwindia. Mfanyakazi niliyemwajiri, namlisha mimi! Kwanza nikawa nampiga nzi kwa ndala, nampelekea maiti. Mdomo unafumba, kesho yake unafumbuka, nzi yuko vilevile. Kwa nini? Maiti haihangaiki, vinyweleo haviguswi, Mheshimiwa anajua amepewa kitu bandia. Dawa yake, ukishamwekea maiti, ukande ule mdomo polepole kwa nje, kama unampapasa mtoto tumbo, ili adhani nzi anapigania roho. Basi kuna jioni jirani akapiga hodi akanikuta nimeinama dirishani, nakanda jani kwa kijiti cha meno, nalibembeleza, "Haya kula, baba, kula kidogo tu." Alisema atarudi wakati mwingine.

Na nzi mwenyewe asizidi theluthi ya mdomo. Akiwa bonge, mguu unabaki nje, mdomo haufungi vizuri, unaoza na harufu. Nyama ya binadamu, namaanisha nyama ya kula binadamu, usimpe hata kidogo, inamwozea mdomoni. Kwa hiyo najikuta namkamata nzi, namtazama, namwambia wewe umezidi kipimo, namwachia huru. Mimi! Nzi! Namwachia!

Wageni nao ndio balaa. Hawasalimii tena, wanakwenda moja kwa moja dirishani na kidole. "Hebu tuone kinavyofunga!" Wanafumbisha midomo yote sita bila chakula, wanacheka, wanakaa. Hawajui kufumba ni gharama kwake; itapita karibu nusu siku kabla hajafumbua, na mdomo una mara chache tu za kufumba kabla haujachoka. Nilimwambia shemeji hayo kwa upole. Akaniuliza kama nimekula.

Ua sisemi sana. Alitoa bua refu, ua jeupe juu kabisa, mbali na midomo ili asiwale wanaomchavushia. Wajuzi wanasema likate mapema, linamnyonya nguvu. Mama watoto akasema nikilikata nitalala uani na masufuria yangu. Halikukatwa.

Halafu siku moja, baada ya zile siku za jua kupungua, akaanza kunywea. Majani meusi, midomo imelala. Nikajua msiba wa pili huu. Nimeshaandaa na jembe, nikaambiwa hajafa, anataka kulala. Kila mwaka lazima apate baridi miezi mitatu au minne, kati ya nyuzi 2 na 10 hivi, la sivyo anadhoofika. Na ukiwa unaishi kwenye joto, unamweka wapi? Kwenye friji. Nikamfunga mizizi kwa mosi ya kinamasi, vile vimmea laini kama sufu, yenye unyevu, nikamtia kwenye mfuko, nikamlaza droo ya chini karibu na mboga. Miezi mitatu nyumba nzima inafungua friji kwa adabu. Mimi nikilala zaidi ya saa moja asubuhi, nagongewa mlango.

Sasa ameamka, midomo minane, myekundu ndani kama anayetaka kuhutubia. Na leo hii, baada ya kopo na ukuta wa choo na nyinyi kunicheka, nimekaa kitini kwangu, nzi kaja mwenyewe. Kapita juu ya Mheshimiwa. Katua mdomoni! Kagusa kinyweleo. Nikazuia pumzi, nahesabu kimoyomoyo: tano, kumi, kumi na tano. Nzi anasugua mikono. Kumi na tisa. Ishirini. Ishirini na mbili, akagusa tena.

Hesabu ikawa imeanza upya. Akaruka, akaja kutua kwenye paji la uso wangu.

Mama watoto akavua ndala. "Usitikisike."

"Usimponde," nikamwambia kwa kunong'ona, "kipimo chake ni kizuri."