Mnyonya Damu Asiye na Miiko

Katika riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897 kuna tukio dogo ambalo kwangu linatisha kuliko vifo vyote vinavyofuata. Jonathan Harker, mwanasheria kijana aliyefika kwenye ngome ya Dracula kwa kazi, ametundika kioo chake karibu na dirisha na ananyoa ndevu. Mkono unamgusa bega, sauti inamwamkia, naye anashtuka na kujikata, kwa sababu kioo kinamwonyesha chumba kizima kilichopo nyuma yake na ndani ya chumba hicho hamna mtu. Mwenyeji wake anaiona damu ikimchirizika kidevuni, macho yanamwaka, anamrukia kooni. Kisha vidole vyake vinagusa ushanga wenye msalaba, na ghadhabu yote inazima kama mshumaa uliopulizwa. Kwa kurasa chache tu tumejifunza mambo mawili asiyoyaweza bwana huyu, na tumeanza kumwogopa kwa hayo hayo kabla hatujayajua vizuri yale anayoyaweza.

Hapo ndipo ninapoanzia kila ninapofungua manga (katuni za Kijapani), kitabu cha katuni au riwaya ya kifantasia yenye wanyonya damu ndani yake. Huwa nauliza kwanza amekatazwa nini, kisha mwandishi ameheshimu katazo hilo kwa kiasi gani. Meno ya chonge, joho jeusi na uso mweupe usiozeeka ni mapambo ambayo mchoraji yeyote anaweza kuyachora. Miiko ndiyo inayomfanya vampaya awe vampaya, na kazi nyingi za siku hizi zinamharibu kwa kumfungulia minyororo yake mmoja mmoja, zikidhani zinamwongezea nguvu.

Tuuchukue mwiko wa jua, ambao karibu kila mtu anadhani ni wa kale kuliko yote. Dracula wa Stoker huonekana mchana katika mitaa ya London. Jua humpunguzia uwezo lakini halimuui. Vampaya kufa kwa mwanga wa asubuhi ni jambo lililoenezwa na Nosferatu, filamu bubu ya Kijerumani ya mwaka 1922 iliyoongozwa na F. W. Murnau, ambayo ilitengenezwa kutokana na riwaya hiyo bila idhini ya wenye haki nayo. Mjane wa Stoker alishtaki, mahakama ikaamuru nakala ziharibiwe, lakini baadhi zilinusurika. Kwa hiyo sheria maarufu kuliko zote za wanyonya damu ilipata umaarufu wake katika kazi ya kuibia. Sioni ubaya wowote katika hilo. Mwiko haupimwi kwa umri wake, unapimwa kwa kile unachoilazimisha hadithi kufanya.

Angalia jinsi mwiko huo ulivyotumiwa na Steve Niles na mchoraji Ben Templesmith katika katuni yao ya mwaka 2002, 30 Days of Night. Waliuliza swali ambalo baadaye linaonekana rahisi mno: ikiwa jua ndilo kinga pekee ya wanadamu, itakuwaje mahali ambapo jua halichomozi? Wakawapeleka wanyonya damu wao Barrow, mji wa kaskazini kabisa wa Alaska, wakati wa usiku mrefu wa majira ya baridi. Katuni inazungumzia siku 30, ilhali mji wenyewe hukaa bila jua kwa zaidi ya siku 60, kwa hiyo waandishi waliwahurumia wahusika wao kidogo. Hawakubuni nguvu mpya hata moja. Waliushika mwiko uliozoeleka na kuugeuza uwe ramani na kalenda, na hadithi nzima ikatokana na hapo.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Japani, kwa viumbe ambao kwa jina si vampaya. Mashetani wa Kimetsu no Yaiba, manga ya Koyoharu Gotouge iliyochapishwa kuanzia 2016 hadi 2020, huitwa oni. Lakini wanakula watu, vidonda vyao vinapona papo hapo, uzee hauwagusi, na jua linawateketeza. Kwangu hao ni binamu wa vampaya, na ukoo wao hauhitaji kupimwa. Nezuko, dada wa shujaa, amegeuzwa kuwa mmoja wao, na kwa juzuu nyingi tunamwona akibebwa ndani ya sanduku la mbao ili mchana usimguse. Wakati fulani pambano linaishia kwenye uwanda wazi huku kukipambazuka. Tanjiro amemlalia dada yake kumkinga na miale, ngozi ya msichana imeanza kuungua, na kwa mbali shetani anawakaribia wanakijiji wasio na ulinzi. Hawezi kuwaokoa wote. Nezuko ndiye anayemwamulia: anamrusha kaka yake kwa teke ili awakimbilie wanakijiji, naye anabaki juani.

Kinachotokea baada ya hapo ni kuvunjika kwa mwiko wenyewe, na hilo halipingani na ninachokisema. Mwiko huu umevunjwa baada ya kulindwa kwa uaminifu kwa muda mrefu, na kuvunjika kwake kunageuza mwelekeo wa hadithi yote, kwa kuwa mkuu wa mashetani amelitamani jua kwa karne nyingi na sasa anajua ni nani wa kumwinda. Mwandishi aliyeacha mashetani wake watembee mchana tangu sura ya kwanza asingekuwa na chochote cha kuvunja.

Katuni za Marekani zilikutana na miiko kwa namna ya kuchekesha kidogo, kwa sababu huko mwenye kupigwa marufuku alikuwa vampaya mwenyewe. Mwaka 1954 wachapishaji walijiwekea kanuni za maadili zilizokataza, pamoja na mambo mengine, wafu wanaotembea, vampaya na mbwamwitu-watu. Kitabu kisicho na muhuri wa kanuni hizo kilikuwa na shida kubwa ya kupata wasambazaji. Kanuni zilipolegezwa mwaka 1971, vampaya waliruhusiwa mradi wafuate desturi ya fasihi inayoheshimika, wakitajwa kwa mfano Frankenstein na Dracula. Mwaka huo huo Morbius akajitokeza katika hadithi za Spider-Man, mwanasayansi aliyejigeuza kwa tiba iliyokwenda kombo, hivyo akaitwa vampaya aliye hai na si maiti. Mwaka 1972 ukaanza mfululizo wa The Tomb of Dracula uliofikisha matoleo 70, na katika toleo la kumi, mwaka 1973, akatokea Blade, mwindaji mwenye visu vya mti ambaye mama yake aling'atwa wakati akimzaa. Vampaya alikaa nje ya mlango wa katuni hizo kwa miaka 17 akisubiri kukaribishwa, na sijui kama waliotunga kanuni waliona jinsi walivyomtendea kwa mujibu wa mila zake.

Maana mwiko ulio mzito kuliko wote, kwa maoni yangu, ni huo wa kukaribishwa. Vampaya hawezi kuvuka kizingiti cha nyumba ya mtu mpaka abishe hodi na aambiwe karibu. Sisi tuliokua na methali ya mgeni njoo mwenyeji apone tuna sababu ya kuusikia mwiko huu kwa uchungu wa pekee, kwa kuwa hapa mgeni anakuja ili mwenyeji asipone. Jua ni adui wa nje, lakini karibu hutoka kinywani mwa mwathirika mwenyewe. Katika riwaya ya John Ajvide Lindqvist ya mwaka 2004, mtoto Oskar anataka kujua kitatokea nini rafiki yake Eli akiingia bila kukaribishwa, naye anamjaribu kwa kutomtamkia neno. Eli anaingia hivyo hivyo, na damu inaanza kumtoka mwilini. Oskar anaogopa na kutamka karibu kwa haraka. Riwaya haielezi kanuni hiyo imetoka wapi, na ingeeleza ingejiharibia. Tunachokiona ni urafiki wa watoto wawili ukipimwa kwa neno moja, mmoja akikubali kuumia ili mwenzake aamini.

Katika Shiki, riwaya ya Fuyumi Ono ya mwaka 1998 iliyofanywa manga na baadaye anime (filamu ya katuni ya Kijapani) mwaka 2010, mwiko huo huo unatumika dhidi ya kijiji kizima. Wafu wanarudi kwa jamaa zao, na nani atamfungia mlango mwanawe aliyemzika juzi? Huko kuna daktari, Toshio Ozaki, ambaye mke wake anafariki na kufufuka. Anamfunga kitandani na kumfanyia majaribio, jambo moja baada ya jingine, akitafuta kitakachowaua hawa wafu, huku mwanamke akiwa na akili zake timamu. Niliitazama sehemu hiyo mara moja na sijairudia. Miiko ambayo kwingine huorodheshwa kwa sentensi tatu na mzee mwenye ndevu, kitunguu saumu hiki, kigingi kile, hapa inatafutwa mmoja mmoja kwenye mwili wa mtu aliyependwa, na ukimaliza hujui tena ni nani katika chumba kile unayepaswa kumwogopa.

Upo pia mwiko usiotajwa kwenye orodha, nao ni kutokua. Claudia wa Anne Rice, katika riwaya ya mwaka 1976, anageuzwa akiwa mtoto wa miaka mitano, akili yake inakomaa kwa miongo mingi ndani ya mwili ambao hautawahi kuwa wa mwanamke. Anatengenezewa mwanasesere wa mwanamke mzima, anamshika mkononi, anamkaza mpaka anavunjika. Miaka minne kabla yake, Moto Hagio alikuwa ameanza kuchapisha manga yake kuhusu ukoo wa Poe, ambamo wavulana wasiokua hulazimika kuhama kila watu wanapoanza kushangaa. Uzima wa milele una ankara yake, na hadithi hizi mbili zinaidai.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaodai kwamba mapenzi ndiyo yaliyomharibu vampaya wa vijana. Lord Ruthven wa John Polidori alikuwa akiwavutia wanawake wa tabaka la juu tangu 1819, na hakuna aliyemwona laini. Tatizo la vampaya ambaye jua humfanya ametemete tu ni kwamba anapewa uzuri, nguvu, utajiri na milele, na gharama anayolipa ni kuwakwepa watu siku ya jua kali. Anime nyingi za mapigano zina kasoro iyo hiyo kwa sura nyingine: kila pambano linafichua kwamba mwiko uliopita haukumhusu huyu, kwa kuwa yeye ni wa damu safi zaidi, mpaka tunabaki na shujaa wa kawaida mwenye meno marefu.

Nakiri kwamba Hellsing ya Kouta Hirano inanisumbua hapa. Alucard hutembea mchana akiwa amevaa miwani na kusema kwamba jua halimuui, ila yeye halipendi tu. Kwa hoja yangu alipaswa kunichosha. Hanichoshi, na nadhani ni kwa sababu minyororo yake imehamishiwa kwa bibi ambaye Alucard anamtumikia, na kwa sababu kando yake yupo Seras, askari polisi aliyegeuzwa, ambaye anakataa kunywa damu juzuu baada ya juzuu. Huo ni mwiko aliojiwekea mwenyewe, na siku anapokunywa hatimaye, damu ni ya mtu anayekufa mikononi mwake.

Kuna mwiko mmoja wa ngano za Ulaya ambao nausubiri bado upate mchoraji wake. Ukimwaga mbegu njiani, vampaya hana budi ainame azihesabu zote kabla ya kusonga mbele. Kwenye televisheni ya watoto umekwisha kuwa kichekesho, lakini ningetoa mengi kuuona kwenye manga makini: binti asiye na upanga, gunia limetoboka, na bwana wa karne sita amepiga magoti vumbini, anahesabu kwa sauti ya chini, akiinua macho mara kwa mara kutazama mashariki, kisha anakosea na kuanza upya.